Maelezo ya zana yaseme inapoishia

Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayojifanyia kazi yenyewe, akivuruga waraka, watu hukimbilia kuilaumu modeli, yaani akili mnemba inayomwongoza, na kutafuta nyingine kubwa zaidi. Mimi nasema tuanze kwa kusoma maelezo ya zana aliyopewa, yaani kijiprogramu anachokiita kufanya kazi fulani, kama kuhariri faili. Mara nyingi utakuta maneno mawili tu: "Hariri waraka."

Modeli haioni msimbo wa zana, yaani maagizo ya programu yaliyo ndani yake. Inachopewa ni jina la zana, maelezo yake na vigezo vya kujaza. Hivyo ndivyo kampuni ya OpenAI walivyoanza Juni 2023 walipoziwezesha modeli zao kuita zana, na MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana ambayo kampuni ya Anthropic waliitoa Novemba 2024, inafuata njia hiyohiyo. Kisichoandikwa pale, modeli itakibahatisha, tena bila kusita.

Hili linaniuma kwa sababu ya nyaraka za huku kwetu. AMCOS ya korosho, yaani chama cha ushirika cha wakulima, iwe Tandahimba, Newala au Masasi, inaendeshwa kwa daftari la wanachama, mihtasari ya mikutano, orodha ya mizigo iliyopokelewa ghalani na orodha ya malipo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa mazao kuwekwa ghalani kwa risiti yakisubiri kuuzwa, uliingia kwenye korosho mwaka 2007, na siku hizi mkulima hapeleki mzigo akaondoka na fedha mkononi. Anapimiwa, anaandikiwa kilo, anasubiri mnada, kisha anasubiri malipo. Muda wote huo haki yake imekaa kwenye maandishi. Vijana wetu wanaojua programu wakianza kuwaweka mawakala kwenye kazi hizi, na wataanza, sentensi moja iliyokosekana inaweza kula ada ya mtoto.

Chukua orodha ya mapokezi. Mstari wa 8 unasema "Saidi Hamisi, daraja la kwanza, kilo 412." Mstari wa 23 una Saidi Hamisi mwingine, daraja lilelile, kilo zilezile. Huku kwetu majina yanarudiana sana, na wawili kijiji kimoja si ajabu. Katibu anaagiza kilo za yule wa kwanza zisomeke 421. Zana inatafuta maandishi ya zamani na kuweka mapya. Je, inabadilisha pale inapoyakuta mwanzo, inabadilisha kote, au inakataa? Zana za namna zote tatu zipo. Ikiwa inabadilisha kote na maelezo yako kimya, mzigo wa mkulima wa pili nao umebadilika, na hakuna onyo litakalotokea, maana kwa upande wa kompyuta kazi imekamilika.

Mimi ningeandika hivi:

"Hubadilisha kipande kimoja cha maandishi ndani ya waraka uliopo. Soma kwanza waraka ulivyo sasa. Maandishi ya zamani lazima yafanane herufi kwa herufi na yaliyomo, pamoja na nafasi na alama. Yakipatikana zaidi ya mara moja, zana inakataa na haibadilishi chochote. Ongeza maneno ya jirani, kwa mfano namba ya mwanachama, mpaka pabaki mahali pamoja. Usiitumie kuongeza mstari mpya."

Tazama ni kiasi gani cha maneno hayo kinahusu kile ambacho zana haifanyi. Hapo ndipo penye thamani. Wapo watakaosema ni marefu mno, na kweli maelezo hutumwa pamoja na kila ombi, yanachukua nafasi na yanagharimu. Basi punguza zana, usipunguze sentensi. Nimeona mifumo yenye "andika_waraka" na "hariri_waraka" pamoja, na hakuna mahali palipoelezwa kwamba ya kwanza inafuta faili zima na kuliandika upya. Modeli ikiitumia kurekebisha neno moja kwenye muhtasari wa kurasa kumi, inalazimika kuuandika wote tena, na aya inaweza kudondoka njiani bila mtu kujua. Iite "futa_na_uandike_upya" na nusu ya hatari imekwisha.

Kwa zana inayoingiza mstari kwa namba yake, namba hizo nazo zisemwe: zinaanzia 0 au 1, mstari mpya unaingia kabla au baada ya uliotajwa, na kwamba ukishauingiza, namba zote za chini yake zimesogea.

Ujumbe wa kosa pia ni maelezo, ila unasomwa baadaye. "Imeshindikana" haimsaidii yeyote. "Maandishi yamepatikana mara 2, mstari wa 8 na wa 23, hakuna kilichobadilishwa" unamwambia wakala afanye nini sasa.

Ningependa pia maelezo haya yasomwe na karani wa ghala kabla hayajaanza kutumika. Yeye ndiye atakayeuliza "na wakiwa wawili?", swali ambalo mwandika programu aliye mbali na mizani halimjii. Kama jibu lake halimo, liongezwe siku hiyohiyo.

Hata hivyo maelezo hayazuii kitu. Kinachozuia ni msimbo. Kuandika "usiguse orodha iliyokwisha sainiwa" huku zana ikiwa na uwezo wa kuigusa ni kuwaweka wakulima rehani. Kwa orodha ya malipo baada ya mnada, wakala nisingempa zana ya kuhariri hata kidogo. Ningempa ya kusoma, na nyingine ya kuandika pendekezo linaloonyesha kilo za zamani na mpya kando kwa kando, likamsubiri katibu akubali au akatae.