Kwa Nini Baba Hakupita Chimala Bila Kushuka

Marehemu baba yangu alikuwa na safari moja kwa mwaka. Ikifika Februari, mvua zimekolea na milanzi, ile mianzi ya kugema, inatoa, alibeba dumu la lita 20 la ulanzi, pombe ya mianzi hiyo, kutoka kwetu Kilolo, akateremka nalo hadi Ipogolo, akapanda basi la Mbeya kumpelekea kaka yake anayeishi Uyole. Ni kilometa 300 na ushee. Hakuwahi kumwaga hata tone, na hakuwahi kupita Chimala bila kushuka.

Hilo la Chimala lilitunyima usingizi. Jirani aliyewahi kusafiri naye alituambia: basi likisimama tu, mzee wenu anaruka kama kakalia kaa la moto, anashuka na dumu lake, anapotelea nyuma ya vibanda, anarudi dakika tano baadaye na mchele. Dada yetu, ambaye ndiye aliyesoma, akapiga hesabu: mzee kavuka miaka 60, hawezi kujizuia mpaka Uyole, hiyo ni tezi dume. Tukachanga nauli na hela ya vipimo. Baba akaenda bila ubishi, akapimwa, akakutwa mzima. Daktari akamuuliza, sasa mzee Chimala unashukia nini? Akajibu, "Namshusha mtoto apumue." Daktari akaandika kitu kwenye faili. Sisi tukacheka miaka sita.

Baba akafariki mwezi Juni. Februari iliyofuata baba mkubwa akampigia mama simu. Hakutaja ulanzi. Aliuliza tu mvua huko zinaendeleaje. Mama akaelewa, akaniita.

Mimi ni fundi bomba, Iringa mjini. Naomba mlikumbuke hilo. Kazi yangu mchana kutwa ni kuhakikisha kitu hakivuji.

Kugema nilikuwa nakujua kwa macho, na macho hayagemi. Chipukizi la mlanzi likifika kama mita moja unalikata ncha, halafu kila asubuhi na jioni unalichonga upya, kijipande chembamba kama karatasi, mpaka baada ya siku kadhaa linaanza kudondosha vizuri. Hapo unalifunga mbeta, kile kipande cha mwanzi mkavu, likachirizikie humo. Kisu kiwe kikali cha kunyolea. Kisu butu kinaponda nyuzi, na nyuzi zilizopondwa zinaziba njia ya maji. Nilichonga na kisu cha jikoni siku mbili nzima, nikapata mbeta tatu za nyuki waliokufa. Mama akanipa kisu cha baba bila kusema neno, kimefungwa kwenye kitambaa cha khanga, na siku ya tatu milanzi ikaanza kulia kama ilivyotakiwa. Akanikataza pia kugema machipukizi yote ya kichaka. Chipukizi likishagemwa haliwi mwanzi tena, kwa hiyo kila kichaka lazima uyaache kadhaa yakue, ama sivyo miaka michache mbele utagema hewa.

Hewa, ndiyo. Tunakuja huko.

Ulanzi ukitoka tu ni mtogwa: mtamu, mwepesi, hata mtoto ananyweshwa. Lakini hausubiri mtu. Chachu imeshajaa ndani ya mbeta, kwenye kuta zake, imebaki kutoka jana na juzi, na tone la kwanza likidondoka kazi inaanza. Uliougema asubuhi, jioni una makali. Kesho yake ni mkangafu, na mkangafu hauhitaji maelezo, mnywaji ndiye anayehitaji kuelezwa njia ya kwake. Chachu inakula sukari na kutoa vitu viwili: kilevi, na gesi ileile inayokuwa kwenye soda. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kikichachuka chote kinatoa kama lita moja ya gesi. Kijiko kimoja! Sasa fikiria lita 20 za maji matamu.

Mimi sikufikiria.

Asubuhi ya safari, saa kumi na mbili, mama alisimama mlangoni na gunzi mkononi. Gunzi la mahindi, kavu, limevikwa jani la mgomba. Ndicho kilichokuwa kifuniko cha baba miaka yote. Na dumu lake lilikuwa halijai, aliacha shubiri nzima juu. Utotoni niliamini anaacha nafasi kwa sababu ulanzi haukutosha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema, na wetu tulikuwa hatumsifii, kwa hiyo hakutia hata maji.

"Mama," nikamwambia, "hilo gunzi litachomoka barabarani. Mimi ni fundi."

Nikatoa dumu jipya nililonunua mjini, lenye kifuniko cha kukaza. Nikajaza mpaka shingoni ili lisichezecheze. Nikazungushia meno ya shingo ile tepu nyeupe ya bomba, mizunguko kumi, kwa kufuata upande kifuniko kinakokazia ili isijikunje. Juu ya mdomo nikaweka nailoni mbili. Nikakaza kwa mkono, kisha nikamalizia na spana ya bomba, robo mzunguko. Nikalipindua dumu juu chini mbele ya mama, nikalitikisa. Kavu. Mama akalitazama dumu, akanitazama mimi, akasema, "Haya baba, safari njema," akarudi ndani na gunzi lake. Mama yangu akikuita "baba" kwa sauti ile, mtu mwenye akili anaahirisha safari.

Basi liliondoka Ipogolo saa mbili. Nilipata siti ya pili nyuma ya dereva, dumu katikati ya miguu. Upande wa dirishani alikaa mama mmoja wa Kinyakyusa aliyekuwa anarudi Tukuyu. Mpaka Mafinga kila kitu shwari, kule ni juu, kuna baridi, na baridi inaichelewesha chachu. Watu walikuwa na makoti, na dumu nalo lilitulia kama limevaa lake. Makambako nikanunua mahindi ya kuchoma. Nikampigia mama kumwambia halijavuja hata tone. Akauliza, "Linasikika?" Nikamwambia mama, dumu linasikikaje? Akasema salio langu lisiishe, tutaongea.

Baada ya Makambako barabara inateremka kuelekea bonde la Usangu. Koti la kwanza likavuliwa. Igawa madirisha yakafunguliwa. Ukifika pale joto ni jingine kabisa, ndiyo maana mpunga unastawi, na chachu nayo hupenda hali ya hewa ya mpunga. Nikaona dumu linayumba. Dumu la plastiki chini ni bapa, na likianza kuvimba kitako kinakuwa mviringo, haliwezi tena kusimama wima. Nikadhani ni mashimo ya barabara. Nikalibana kwa magoti. Lilikuwa gumu kama ngoma. Nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimenunua plastiki imara.

Chimala basi likasimama. Watu wakashuka, wakanunua mchele. Konda akapaza sauti, "Anayeshuka kujisaidia ashuke, mbele hatusimami!" Mimi nikakaa. Sina tezi dume.

Ninachotaka mafundi wenzangu wakielewe ni hiki: kila hita ya maji ninayofunga kwa mteja naiwekea vali ya usalama. Nimewahi kugombana na tajiri mmoja aliyetaka nimzibie vali hiyo kwa sababu inadondosha. Nikamhubiria nusu saa. Maji yakipata moto yanatanuka, nikamwambia, yakikosa pa kutokea yanajitengenezea. Mdomo huuhuu. Na hapo nimelikumbatia kwa magoti bomu la lita 20 nililolifunga tepu mwenyewe.

Kutoka Igurusi barabara inaanza kupanda tena. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inakuwa nyepesi na kukibana kitu kidogo kuliko ilivyokuwa bondeni. Si tofauti kubwa, lakini dumu langu halikuhitaji kubwa. Tulikuwa kwenye mlima wa Inyala, basi limeshuka gia mbili, linanguruma, mama wa Kinyakyusa amesinzia, niliposikia chini yangu sauti nyembamba: tiiii. Nikakumbuka swali la mama. Nikainama nisikilize.

Meno ya kifuniko yalivuliwa yote kwa mpigo. Kifuniko kilipita sikioni kwangu, kikagonga paa, kikarudi kikapiga kibandiko kilichoandikwa "Usizungumze na dereva", kikadondoka juu ya mapaja ya konda. Nyuma yake ukafuata ulanzi. Wala hayakuwa maji, lilikuwa povu, kwa sababu gesi yote iliyokuwa imelazimishwa kuyeyuka ndani ya maji ilitaka kutoka kwa wakati mmoja, na kila kiputo kilibeba ulanzi wake. Lilipiga paa na kushuka kama mvua ya masika. Dereva lilimkuta kisogoni, likaingia ndani ya kola.

Dereva yule nitamheshimu mpaka nife. Alidhani tairi la mbele limepasuka, na alifanya kama mtu aliyefundishwa: hakukanyaga breki, alishika usukani kwa mikono miwili, akaachia mafuta taratibu, akaliweka basi pembeni. Halafu akajishika kisogo, akanusa vidole, akageuka. Basi zima kimya. Mama wa Kinyakyusa akajilamba mdomo wa juu, akatafakari, akasema, "Huu bado mchanga."

Tukaendelea, madirisha wazi. Kilometa chache mbele, trafiki wakatupungia mkono.

Askari alipanda ngazi moja tu. Basi lilikuwa linanuka kama kilabu siku ya mnada. Akamtazama dereva: shati limeloa, nywele zinadondosha. Akauliza kwa upole wa kutisha, "Dereva, umelala wapi?" Likaletwa lile dude la kupulizia. Askari alikuwa anaijua kazi yake, hakumpima mle ndani ambamo hewa yenyewe ilikuwa inalewesha. Alimshusha, akamsimamisha kwenye upepo dakika kumi na tano, akampa maji ya kusukutua, ndipo akampa apulize. Sifuri. Akampa tena. Sifuri. Askari akalipuliza mwenyewe kuhakikisha ni zima. Sifuri. Konda akaninyooshea kifuniko dirishani, akasema, "Afande, ushahidi huu hapa na mhalifu yule pale."

Nikaeleza. Nilipofika kwenye spana ya bomba, askari akaniuliza wazazi wangu wapo. Nikasema baba ametangulia, mama yupo. Akasema, "Na hukumuuliza mama?" Akanirudishia kitambulisho. Faini ilikuwa kupiga deki basi zima stendi ya Uyole, ambayo alinipangia konda na abiria wote wakaiunga mkono.

Kwa baba mkubwa nilifika saa kumi na moja, nanuka. Dumu lilikuwa na lita saba. Alimimina kikombe, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya mdogo wake, akanywa, akasubiri. Kisha akauliza, "Mchele uko wapi?"

"Mchele gani, baba?"

"Wa Chimala. Mdogo wangu hakuwahi kuja bila mchele wa Chimala."

Nikamwambia sikushuka. Akaweka kikombe chini. Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto mahali pa kukojoa: Chimala ndipo mwisho wa joto na mwanzo wa mlima. Gunzi lina vitundu, linavuja gesi kidogokidogo njia nzima, lakini joto la Usangu linalizidi nguvu. Basi unashuka, unalichomoa, povu linapanda kwenye ile shubiri uliyoiacha, linashuka lenyewe, unarudisha. Dakika tano. Nyuma ya vibanda, kwa sababu watu wakiona povu watataka kuonja. Na kwa kuwa umeshashuka, unanunua mchele ili konda asikuulize maswali.

"Mlimpeleka hospitali," akasema. "Alinisimulia. Alicheka mpaka akakohoa."

"Sasa kwa nini hakutuambia?"

"Si aliwaambia? Anamshusha mtoto apumue."

Usiku ule nilitoka nje, nikampigia mama. Ilikuwa saa nne. Alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mama."

"Sasa saa hizi unapiga cha nini? Makambako ulishapiga. Mara mbili kwa siku moja, nani kafa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nataka anieleze habari ya gunzi. Kukawa kimya. Nikasikia anavuta kigoda.

"Una kalamu?"

Nilikuwa nayo.

"Gunzi liwe kavu, lisiwe limeliwa na panya. Jani la mgomba ulipitishe motoni kwanza lilainike, na liwe moja tu, ukiweka mawili haupumui. Shubiri moja juu, shubiri ya mkono wa baba yako, siyo huo wako. Mbeta za ulanzi wa safari uzisuuze na maji yaliyochemka jioni yake, usizibakize na uchachu wa jana. Dumu lisimame kivulini, usilibane na magoti. Umeandika?"

"Naandika."

"Mafinga usikilize. Makambako usikilize. Ukisikia linaimba, ni zuri. Likinyamaza, gunzi limeziba, lizungushe. Chimala shuka. Na kesho ukirudi, upitie huohuo mchele. Kilo tano. Uwe wa zamani, mpya unashikana."