Ruhusa ya Mrithi Mmoja

Miaka michache iliyopita tulipiga filamu fupi hapa Lamu, ndani ya nyumba ya mawe mtaani Mkomani, nyumba yenye zidaka za chokaa na kiwanda, yaani ua wa ndani, kinachopata jua la kutosha kwa muda mfupi tu mchana. Mzee aliyeishi humo alitupokea kwa moyo mkunjufu, akatuandalia kahawa, na tulipotaja malipo akatutania kwamba tumemdhania ni hoteli. Uhariri ulipokaribia kwisha nilipigiwa simu na binti wa nduguye kutoka Mombasa, akanieleza kwa utulivu kwamba nyumba ile ni ya warithi saba, haijagawanywa, na sita kati yao hawakuulizwa lolote. Kisha akasema, "Kaka, wewe ni mwenyeji wa Lamu. Ungekuwa unainunua nyumba hii, ungelipana na mtu mmoja?"

Sikuwa na jibu. Kituo cha televisheni kilichokuwa kimeonyesha nia ya kuinunua filamu kilituomba hati za ruhusa, nasi hatukuwa nazo, na mazungumzo yakaishia hapo.

Tangu siku ile nimeshikilia kwamba vijana wetu wanaojifunza kamera na uhariri wanaachwa bila kufundishwa jambo moja muhimu, nalo ni kwamba anayenunua filamu hanunui picha bali ananunua haki ya kuzionyesha. Haki hiyo hutoka kwa watu wengi: aliyeandika mswada, waigizaji, mwenye muziki, mwenye nyumba. Mnunuzi makini hufuata mlolongo huo wa umiliki hati kwa hati, na ikikosekana moja huona ni salama zaidi kuiacha filamu kuliko kushtakiwa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina mambo mawili ambayo huwashtua wengi nikiyasimulia barazani. La kwanza ni kwamba mtunzi wa filamu, kwa maana ya sheria hiyo, ni yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza, yaani mtayarishaji, wala si mwongozaji aliyekesha akiifikiria wala mpiga picha aliyebeba kamera juani. La pili ni kwamba kazi ikiagizwa na mtu mwingine, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Kijana wa Malindi anayeitwa na hoteli kupiga filamu ya matangazo, akalipwa, kisha akaona picha zake za machweo zikitumika mwaka baada ya mwaka, hana pa kulalamikia ikiwa hakuweka sharti lolote kabla ya kuanza kazi. Nami husikitika kuliona hilo, kwa sababu sentensi moja iliyotiwa saini ingetosha kumhifadhia haki yake.

Mswada uliokuwa umeandikwa kabla ya mtayarishaji kutokea una hukumu tofauti. Hiyo ni mali ya mwandishi, na sheria yataka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi na utiwe saini na anayehamisha, kwa hiyo ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaosema "chukua tu, ndugu yangu" haumpi mtayarishaji umiliki. Usajili katika Bodi ya Hakimiliki si sharti la kuipata haki, maana haki huzaliwa kazi inapowekwa katika umbo linaloshikika, lakini cheti cha usajili ni ushahidi mzuri mnapokwenda kuvutana.

Muziki nao una wenyewe zaidi ya mmoja. Ukiweka taarabu chini ya mazungumzo, kuna haki ya aliyetunga na kuna haki ya mwenye kurekodi, na ruhusa ya mmoja haimfungi mwenziwe. Ni nyumba ya warithi ileile, ila hii husikika kwa masikio.

Kuhusu leseni nitasema kwa ufupi, kwa sababu hilo angalau watu huliulizia. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani yataka leseni ya kupiga filamu ya kuonyeshwa umma, na filamu yenyewe huainishwa kabla ya maonyesho. Kurusha droni kwataka idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na kupiga picha katika Ngome ya Lamu au magofu ya Gede kwataka idhini ya Makavazi ya Kitaifa. Kosa ninaloliona ni mtu kudhani kwamba karatasi ya serikali imemwezesha kuingia uani kwa watu. Leseni haisemi neno lolote kwa niaba ya mwenye nyumba.

Panapoharibika urafiki ni kwenye mgawo. Utasikia mtu akiahidiwa asilimia ishirini, naye akaondoka amefurahi bila kuuliza ni asilimia ishirini ya nini. Wavuvi wetu hawafanyi hivyo: kabla ya chombo kuondoka hujulikana ni gharama zipi zitatolewa kwanza, chombo kina fungu lipi, nyavu zina fungu lipi, na mabaharia watagawana kilichobaki kwa namna gani. Filamu ni hivyohivyo, kwani fungu la mapato yote na fungu la faida baada ya gharama ni vitu viwili vilivyo mbali sana, na la pili laweza kuwa sufuri iwapo anayeandika gharama ni mwenzako peke yake.

Huambiwa kwamba karatasi huleta kutoaminiana. Siuoni ukweli wa maneno hayo katika mji ambao mahari hutajwa mbele ya mashahidi na hakuna anayesema bwana harusi ameshukiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni, na wahenga nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ninachokataa ni mikataba ya kunakiliwa mtandaoni. Niliwahi kuletewa mmoja, wa watu wawili wanaokaa mtaa mmoja wa Langoni, uliosema mgogoro wao utaamuliwa na mahakama za California! Ukurasa mmoja wa Kiswahili, unaotaja nani anatoa nini, kwa matumizi gani, kwa muda gani na kwa malipo gani, una faida kuliko huo, na wakili akiupitia ni bora zaidi.

Sasa tunajiandaa kupiga filamu nyingine kule Shela. Karatasi ya nyumba imekwisha kusainiwa na warithi wote wanne, mmoja kwa dole gumba, na mwandishi wa mswada ametia saini yake. Aliyebaki ni mhariri, ambaye amerudisha kifungu cha mgawo mara mbili akitaka neno "gharama" lielezwe, na mpaka aridhike kamera imo mkobani.