Goti la mbebaji wa Kadutu na mwongozo wa daktari

Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoshauri kuhusu matibabu, uliotoka 2022, unataka mgonjwa ambaye gegedu la goti lake limelika aelezwe ugonjwa wake, afanye mazoezi, na apunguze uzito kama umezidi. Dawa zinafuata nyuma, na ya kwanza ni ya kupaka. Mwenye miaka 45 au zaidi, ambaye goti humuuma akilitumia na asubuhi halikakamai zaidi ya nusu saa, hahitaji hata kupigwa radio, yaani picha ya eksirei.

Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunaanzia mwisho. Mama anapanda mtaa wa Kadutu na gunia la makala ya kupikia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, goti limevimba. Jioni anapita farmasi ya mtaani, ananunua vidonge vya maumivu vya diklofenaki, kesho anabeba tena.

Wanaosema mwongozo huu haututoshi wana hoja. Wabebaji wengi ni wembamba, kwa hiyo ushauri wa uzito hauwahusu. Wataalamu wa mazoezi ya viungo, wale tunaowaita kine, ni wachache na hulipwa kutoka mfukoni mwa mgonjwa. Na kidonge kinamwezesha kufika sokoni leo. Mazoezi yanadai wiki kadhaa.

Hata hivyo, vinavyomaliza pesa za mgonjwa ni vile vile ambavyo mwongozo unaviondoa: radio isiyo ya lazima, na glukosamini, vidonge vinavyouzwa eti vya kujenga viungo. Diklofenaki ya kumeza kila siku inaumiza tumbo na figo na kupandisha presha, hasa kwa wazee. Kuketi na kuinuka kitini polepole, bila kujisukuma kwa mikono, hakuhitaji mashine yoyote. Denmark, mpango wa GLA:D ulioanza 2013 huwapa wagonjwa vipindi vya mafunzo na 12 vya mazoezi chini ya mtaalamu. Kwetu nani atalipia vyote hivyo? Ila muuguzi wa kituo cha afya anaweza kufundishwa na kine, naye akafundisha kikundi cha akina mama. Awaambie mapema kwamba maumivu huweza kuongezeka mwanzoni, la sivyo wataacha wiki ya kwanza. Kwangu, kazi ingeanzia hapo, hata kabla ya kumtafuta kine wa pili.

Unabaki mzigo. Mbebaji akiligawa gunia mara mbili, anapanda mlima mara mbili kwa malipo yale yale. Hilo halitamalizwa na daktari. Ni la kujadiliana na wenye mizigo na wabebaji wenyewe, kuhusu uzito wa gunia na bei ya kulibeba.