SSH kwenye seva za klaudi: nani mwenye kauli, wewe au 50-cloud-init.conf?

Waliokodi VPS (seva pepe ya kukodi mtandaoni) wengi kisa hiki wanakijua. Umefungua /etc/ssh/sshd_config, umeandika PasswordAuthentication no, yaani paswadi zisikubaliwe, umeristati sshd (programu ya seva inayopokea wanaoingia kwa SSH, njia ya kuiendesha seva ukiwa mbali), halafu ukijaribu kuingia kwa laptopu nyingine isiyo na ufunguo bado inakuomba paswadi kama hakijatokea kitu. Unarudi kwenye faili, no yako ipo palepale. Hapo ndo lawama zinaanza, huyu anasema Ubuntu ina bagi, yule anasema mtoa huduma katia mkono.

Bagi hakuna. Tangu OpenSSH 8.2 ya mwaka 2020 kuna kitu kinaitwa Include, mstari wa kuvuta mafaili mengine, Ubuntu na Debian wamekiweka juu kabisa ya sshd_config, kwa hiyo sshd inafika kwenye mistari yako ikiwa ishasoma kila faili la .conf lililomo kwenye folda ya sshd_config.d, kwa mpangilio wa majina. Na sshd ina tabia yake, settings nyingi inashika thamani ya kwanza kuiona, zinazofuata inazipita tu. Sasa kama cloud-init, programu inayoiandaa seva ya klaudi inapowaka mara ya kwanza, iliambiwa iruhusu paswadi, imeshaandika yes kwenye 50-cloud-init.conf na wewe umechelewa. Aliyezoea sysctl, settings za kernel, ambako wa mwisho ndo mshindi, anajiona mjanja anatengeneza 99-usalama.conf, nalo linasomwa baada ya 50 so ni bure.

Wanaotetea mpangilio huu wana hoja, na mi nawakubali sehemu kubwa. Faili kuu ni la pakeji, ukilichokonoa apgredi ikija inakusimamisha kukuuliza ubaki na lako au uchukue jipya. Mwenye imeji moja (nakala ya mfumo) inayozaa maelfu ya VM (mashine pepe) akiweka kifaili chake pembeni ni usafi kuliko kulikatakata faili kuu kwa sed, amri ya kubadili maandishi. Na mlango huohuo uko wazi kwako, weka 01-yangu.conf utamshinda yeyote mwenye namba kubwa zaidi bila kugusa faili lake.

Ila wanaolalamika nao hawajakosea, maana shida yenyewe ni ukimya. sshd -t inakagua kama umeandika sawasawa, haikwambii mstari wako umepuuzwa. Mgongano ukienda upande wa kukufungia nje angalau utaona Permission denied, utaingia kwa konsoli ya mtoa huduma ukiwa umenuna, yataisha. Ukienda upande wa kukuacha wazi hakuna atakayekushtua, utalala fofofo ukijua umefunga huku roboti zinakisia paswadi ya root usiku kucha. Kwangu mimi huo wa pili ndo mbaya, na ndo unaosemwa kidogo kwa sababu haupigi kelele.

Kulifuta tu lile faili la 50 wengi wanaona ndo dawa, sasa piga snapshot (nakala ya diski) ya hiyo seva uzae VM nyingine. cloud-init inaona ni mashine mpya, kazi ya paswadi inaifanya upya, na kama mtoa huduma bado anaiagiza iruhusu paswadi, faili linarudi na yes yake. Ndo maana namba ndogo ni bora kuliko kufuta. Porti nayo ni kesi nyingine, tangu Ubuntu 22.10 inashikwa na ssh.socket ya systemd (kianzisha huduma cha Linux), si sshd yenyewe, kubadili Port na kuristati ssh peke yake hakutoshi.

Mabishano yote haya yanakatwa na sudo sshd -T | grep -i authentication, inakuonyesha sshd yenyewe imeelewa nini, sio wewe ulichoandika. Hapo angalia na kbdinteractiveauthentication, ikiwa yes PAM (mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji) inaweza kuendelea kuomba paswadi hata kama passwordauthentication ni no. Na kama una mistari ya Match (settings za mtumiaji au anwani fulani tu), -T tupu haiihesabu, iongezee -C user=deploy,host=localhost,addr=10.0.0.5, na seshen uliyoingilia usiifunge mpaka ya pili ikubali.