Mlango wa Meneja: Ufungwe Asubuhi au Uachwe Wazi?

Wakurugenzi wengi hushauriwa hivi: asubuhi jifungie dakika 90, zima simu, fanya kazi moja nzito, mikutano isubiri mchana. Hoja ina mashiko. Michael Porter na Nitin Nohria wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwafuatilia wakuu wa kampuni 27, na mwaka 2018 wakaeleza kwamba asilimia 72 ya muda wao wa kazi iliishia mikutanoni. Ofisini Kisumu au Nakuru ongeza na wale wa "dakika mbili tu, bosi", kadi ya harambee mkononi. Bajeti inakuja kusomwa saa tatu usiku.

Lakini peleka ushauri huo kwenye kiwanda cha sukari ukanda wa Muhoroni uone. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na unafaa kusagwa ndani ya siku moja au mbili. Kinu kikisimama saa tatu kasorobo kwa sababu ya beringi, na beringi hainunuliwi bila sahihi ya meneja aliyejifungia hadi saa nne, trela zinapanga foleni nje ya mizani na mkulima analipwa uzito wa muwa uliokauka.

Kwa maoni yetu, ubishi wa mlango unaficha shida yenyewe: kila ununuzi kusubiri saini ya meneja. Chukua idhini zote za mwezi uliopita. Zile za kawaida zisizozidi, tuseme, shilingi 50,000, kama vipuri na mafuta ya magari, wape wakuu wa idara pamoja na kikomo cha mwezi. Hapo ndipo ujanja huanza: oda ya 140,000 inagawanywa ankara tatu ili ipite chini ya kikomo. Kwa hiyo weka pia kikomo kwa kila muuzaji kwa wiki, na mhasibu akague ankara zenye nambari zinazofuatana.

Baada ya hapo mlango unaweza kufungwa. Saa mbili kamili, dakika 20 za kusimama na wakuu wa uzalishaji, stoo na uhasibu. Kisha kimya hadi chai ya saa nne. Katibu abishe hodi kwa ajali, mkaguzi wa serikali, au mtambo uliosimama zaidi ya nusu saa. Siku chache kabla ya tarehe 9, siku ya mwisho ya kulipa PAYE (kodi ya mishahara), na tarehe 20 ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), mhasibu naye aruhusiwe kuingia.