Mifupa ya Mtwapa na hesabu ya nasaba

Mnamo Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania, pamoja na makazi ya Makwasinyi yaliyoko bara. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Chapurukha Kusimba, profesa wa anthropolojia mzaliwa wa Kenya, ambaye amechimbua Mtwapa, mji wa kale wa pwani ya Kenya, kwa miaka mingi. Ilibainika kwamba katika wengi wa waliozikwa pwani asili ya upande wa mama ni ya Kiafrika, ilhali ya upande wa baba kwa kiasi kikubwa ni ya Asia, hasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000.

Wanaoshikilia simulizi za Washirazi, kwamba mababu zao walitoka Shiraz huko Uajemi, waliona wamethibitishwa, na kwa haki, kwa kuwa wasomi wengi walikuwa wamezichukulia simulizi hizo kuwa hadithi za kujipandisha cheo tu. Hata hivyo, Shanga, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na msikiti wa miti tangu karne ya 8, kwa hiyo mababa hao wa Kiajemi hawawezi kuhesabiwa kuwa ndio walioanzisha ustaarabu wa pwani. Isitoshe, makaburi mengi yaliyochunguzwa ni ya watu wa tabaka la juu. Mvuvi na mkulima hawamo.

Linalonishughulisha zaidi ni upande wa akina mama. Wapo waliosoma matokeo hayo kama ushahidi kwamba Waswahili wa kale walihesabu ukoo kwa mama. Hapo mifupa inasemeshwa isichokijua, maana kinasaba kinachoonyesha asili ya mama, yaani DNA ya mitokondria, kila mtu hukirithi kwa mamaye, hata pale ambapo urithi wote hufuata baba. Kinachothibitika ni kwamba wanaume wageni walizaa na wanawake wenyeji. Kama waume walihamia ukweni, hilo hatuna budi kulitafuta kwenye desturi: Lamu, ambako baba wa kiungwana alimjengea bintiye nyumba ya kuolewa, au Ngazidja, kisiwa cha Komoro, ambako nyumba na ardhi ya manyahuli, yaani mali ya ukoo wa mama, hupita kwa wanawake. Desturi hizo nazo zimeandikwa karne nyingi baada ya mazishi ya Mtwapa, na kuzirudisha nyuma hadi mwaka 1000 ni dhana, ingawa kwangu ni dhana yenye nguvu, kwani watoto wa mababa hao walikua wakisema lugha ya mama zao.