Pigeni Picha, ila Mwacheni Chatu Amalize Kula

Video ya chatu imeanza kuzunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp, na safari hii nimeshindwa kuinyamazia. Chatu mkubwa, tumbo limetuna, yuko ukingoni mwa shamba la mpunga. Watu wamemzunguka pande zote, simu juu. Kijana mmoja anamkanyaga mgongoni ili mwenzake apate picha. Mwingine anamvuta mkia, eti urefu uonekane. Sauti ya anayerekodi inasema, "Bado, bado, kigeuze kichwa kije huku." Kisha chatu anaanza kutapika. Inatoka miguu ya nyuma kwanza, imelowa ute, halafu kiuno, halafu mbuzi mzima. Watu wanashangilia. Video inaishia hapo, lakini aliyeileta kwenye kundi letu aliongeza picha nyingine: chatu yuleyule amenyooshwa barabarani, kichwa kimepondwa, na vijana wamejipanga nyuma yake wakitabasamu.

Mimi napiga picha za nyoka. Hamu ya kumsogelea chatu naijua vizuri, na sina ugomvi nayo. Mnyama wa mita nne au tano, mwenye rangi zile, anayepita majanini bila kishindo, lazima moyo utake kumwona kwa karibu. Ugomvi wangu ni na hili la kumtesa ili picha ipatikane, na zaidi ya yote hili la kumtapisha. Nataka nilieleze kwa kirefu kwa sababu naona hata watu wenye huruma hawajui wanachokitazama pale.

Wengi wanamwona chatu aliyeshiba kama mnyama aliyelala tu, mvivu, asiye na kazi. Ukweli ni kwamba mwili wake wakati huo unafanya kazi kuliko wakati mwingine wowote. Watafiti waliomchunguza chatu wa Burma walichapisha matokeo yao mwaka 2005: ndani ya saa 48 baada ya kula, misuli ya moyo wake iliongezeka kwa karibu asilimia 40. Moyo unakua kwa sababu ya mlo mmoja! Utumbo nao unanenepa, ini linaongezeka, tumbo linatoa asidi ya kuyeyusha mpaka mifupa. Yote hayo yanataka joto, ndiyo maana unamkuta amelala palipo na jua, na yote yanachukua siku nyingi. Nguvu ya kuanzisha kazi hiyo anaitoa mwilini mwake mwenyewe, kabla mbuzi hajamrudishia chochote.

Sasa wanakuja watu ishirini na simu. Chatu hana masikio ya nje, lakini mtikisiko wa nyayo unamfikia kupitia ardhini. Anataka kukimbia na hawezi, kwa sababu tumboni amebeba mzigo. Njia iliyobaki ni kuutua. Kwa hiyo anapotapika anatafuta uhai wake, na ninyi mnaomzunguka mmemlazimisha kuchagua kati ya kuishi na kula. Ameshapoteza mlo, ameshapoteza nguvu za kuuwinda na kuumeza, na kupata mnyama mwingine wa ukubwa ule kunaweza kumchukua miezi. Hata mngemwacha aende zake, mmeshamuumiza. Na mbuzi mwenyewe hamtamla.

Nitakubali jambo moja, japo kwa shingo upande. Hofu ya watu ina msingi. Chatu hana sumu, lakini meno yake mengi yamepinda kuelekea ndani na yanachana nyama vibaya, na akishakuzungushia mwili hukubana mpaka damu isipite. Agosti 2013, mjini Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika aliyefugwa ndani ya jengo alitoroka mahali alipofungiwa akawaua watoto wawili, ndugu, waliokuwa wamelala. Mtu aliyepoteza mbuzi naye ana haki ya kukasirika, maana mbuzi ni ada ya shule. Siwezi kumwambia mama mwenye watoto wadogo asiogope chatu nyuma ya nyumba.

Lakini mwenye hofu ya kweli hamkanyagi chatu mgongoni apigwe picha. Mwenye hofu anarudi nyuma, anawaita watoto, anapiga simu. Juni 2018, kwenye jimbo la West Bengal nchini India, ofisa wa misitu aliyeitwa kumwondoa chatu kijijini alimweka shingoni ili watu wampige picha, na chatu akaanza kumkaba mbele ya kadamnasi. Huyo alikuwa mtu wa kazi hiyo, na aliponea chupuchupu.

Mwaka 2016 kisiwani Penang, Malaysia, mafundi wa ujenzi walikuta chatu wa Asia aliyekadiriwa kuwa na mita 8. Picha zake zilizunguka dunia nzima, kila mtu akibishana kama ndiye mrefu kuliko wote waliowahi kukamatwa. Siku chache baadaye, akiwa bado kizuizini, alitaga yai na akafa. Alikuwa mama mwenye mimba. Mabishano ya mita yaliendelea kwa muda hata baada ya hapo, na hilo mpaka leo linaniuma.

Tukiwa kwenye mama, kuna jambo kila mpiga picha wa nyoka alipaswa kulijua. Mwaka 2018 Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, alichapisha utafiti uliotokana na miaka ya kuwafuatilia chatu wa kusini, jamii ambayo tunayo na sisi Tanzania. Jike hutaga mayai ndani ya shimo, mara nyingi lililochimbwa na mhanga. Rangi yake hugeuka ikawa nyeusi zaidi. Anatoka mlangoni kuota jua mpaka mwili upate joto kali, kisha anarudi kuyazungukia mayai ayape joto hilo. Muda wote huo hali chochote. Na watoto wakishaanguliwa, anakaa nao kiasi cha wiki mbili zaidi, wakilala usiku ndani ya mizunguko ya mwili wake. Nilipousoma mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda. Basi ukimkuta chatu mweusi, aliyekonda, amejilaza mlangoni mwa shimo asubuhi, usijisifu kwamba umepata picha rahisi. Kila ukimrudisha shimoni kabla hajapata joto, unayanyima mayai.

Je, picha ya karibu haiwezekani? Inawezekana, na ni nzuri kuliko hizo za kukanyagana. Ile ninayoipenda kuliko zote niliipigia bondeni, kwenye shamba la mzee mmoja aliyenipokea vizuri. Baada ya shikamoo na mazungumzo marefu ya mvua, alinionyesha kichuguu alipopenda kulala chatu wake. "Huyu ananilindia mpunga, mwanangu," aliniambia. "Ndezi wakiingia humu hawaachi kitu." Nililala kifudifudi mbali kabisa, kwa lenzi ndefu, nikasubiri. Chatu aliponizoea, aliinua kichwa na kutoa ulimi polepole. Kwenye picha ile unaona vishimo vidogo kwenye magamba ya mdomo, vile vinavyohisi joto la mnyama gizani. Unaona jicho lisilo na kope, limefunikwa na gamba moja angavu, na alama nyeusi ya umbo la ncha ya mkuki juu ya kichwa. Pembeni ya taya kuna kupe mmoja, amenenepa kwa damu. Mgongoni, jua lilipopiga, magamba yalitoa buluu na kijani vya mafuta yaliyomwagika majini. Chatu alikaa alipokuwa. Mimi ndiye niliyeondoka kwanza.

Hata Tarangire, pale kinamasi cha Silale wanakojulikana kupanda miti, chatu unamtazama kutoka kwenye gari na unarudi na picha ya kutundika ukutani.

Kuhusu zile picha za "chatu wa mita 10", simu ikisogezwa karibu na nyoka na mtu akasimama nyuma mbali, kila chatu anakuwa jitu. Kuhusu kutaja kijiji alipopatikana, acheni: wapo wanaotafuta ngozi. Na kuhusu sheria, kuua mnyamapori bila kibali ni kosa, Tanzania kwa sheria ya 2009 na Kenya kwa ile ya 2013, hata kama kundi zima limeshangilia.

Sasa niseme ninachokiomba, kwa sababu najua msimu wa mvua utaleta video nyingine. Ukimkuta chatu, simama. Mpe umbali wa urefu wa mwili wake mzima na zaidi, maana kichwa hurushwa kwa kasi ambayo miguu yako haiiwezi. Tumia ukuzaji wa kamera ya simu, hata picha ikichuja kidogo. Kaa upande mmoja tu, na upande wenye kichaka au maji uachwe wazi ili apate pa kupitia. Mkiwa wengi, wote mhamie upande huohuo. Zima flashi. Shingo ikijikunja kama herufi S au akianza kufoka, umeshasogea mno, rudi nyuma taratibu. Kama jicho limefunikwa na weupe wa maziwa, anakaribia kujivua gamba, haoni vizuri, usimchokoze kabisa. Tumbo likiwa limetuna, piga picha moja au mbili kisha ondoka na uwaondoe na wenzako. Akiwa karibu na nyumba, waite wahusika wa wanyamapori, TAWA kwa Tanzania, KWS kwa Kenya. Walioko pwani ya Watamu wanao Bio-Ken, wanaojua kumkamata nyoka bila kumuumiza.

Na video ya kutapishwa ikija kwenye simu yako, usiisambaze. Mjibu aliyeituma, mweleze mbuzi yule alimgharimu chatu nini. Mimi nimeshamjibu wa kwangu. Ni binamu yangu, amekasirika, na tutalizungumza Jumapili nikienda kwao.